Kuunganisha wafanyakazi wa kampuni kubwa na kampuni changa: jinsi ya kubuni huduma, hatua kwa hatua

Wengi wakipata wazo hili, la kumpa mtaalamu mwenye ajira kazi ndogo ya kampuni changa, hukimbilia tovuti. Upande mmoja mfanyakazi anajaza ujuzi wake, upande wa pili kampuni changa inajaza shida yake, halafu mtambo unawakutanisha. Nami nilianza hivyo hivyo. Tovuti ikajaa wahasibu, wanasheria na wahandisi wa programu, watu hodari kabisa, lakini miezi ikapita na kazi zilizokamilika zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Watu walikuwepo. Zilizokosekana ni kazi zilizokatwa vizuri, yaani ndogo na zenye mipaka, ambazo mtu mwenye ajira yake anaweza kuzishika jioni na kuzimaliza. Ndiyo maana hapa tunaanzia kwenye kazi, na tovuti inakuja mwisho.

Hatua ya 1: Zungumza na pande tatu

Ukihesabu pande mbili umemsahau mwajiri, na yeye ndiye anayeweza kuizima huduma yako kwa baruapepe moja. Tafuta watu watano au sita wa kila upande, ukae nao mmoja mmoja.

Usimuulize mfanyakazi, "Ungependa kusaidia kampuni changa?" Kila mtu atasema ndiyo. Muulize mara ya mwisho alipomsaidia mtu nje ya kazi yake ilikuwa lini, alifikiwaje, ilimchukua saa ngapi, na iliishaje. Mwanzilishi wa kampuni changa muulize ni kazi gani imelala mezani mwezi mzima kwa kuwa hakuna anayeijua. Kwa meneja, swali lenye faida kuliko yote ni hili: nini kitakufanya ukatae? Utasikia habari ya muda, siri za kampuni, na hofu kwamba mtu wake mzuri ataondoka.

Sikiliza pia mwajiri anachotamani. Kampuni ya kompyuta ya IBM ilipoanzisha mpango wa Corporate Service Corps mwaka 2008, ikituma timu za wafanyakazi kufanya kazi za kitaalamu katika nchi nyingine kwa takriban mwezi mmoja, iliutumia pia kuwakuza viongozi wake. Mwajiri akiona wafanyakazi wake wanajifunza, mlango unafunguka. Akiona wanaazimwa tu, unafungwa.

Hatua ya 2: Kata kazi

Hapa ndipo huduma inaposimama au kuanguka, kwa hiyo tumia muda wako mwingi hapa.

Kampuni changa huleta ombi la namna hii: "Tunahitaji mtu wa masoko." Ukilipokea jinsi lilivyo, utampeleka mtu wa masoko, atauliza afanye nini, na hakuna atakayemjibu. Kaa na mwanzilishi kwa saa moja. Mazungumzo ya aina hii nimeyafanya mara nyingi:

"Kwa nini umemtaka sasa hivi?"

"Wateja hawaongezeki."

"Hawaji, au wanakuja na kuondoka?"

"Wanajisajili vizuri tu. Ila wiki ya pili huwaoni tena."

"Umewapigia simu wangapi kati ya walioacha?"

Hapo huwa kimya. Na katika kimya hicho ombi limeshageuka. Anayehitajika ni mtu aliyezoea kuwahoji wateja, na kazi yenyewe sasa inaandikika: *Andaa maswali pamoja na mwanzilishi, wapigie simu wateja 8 walioacha kutumia huduma, uandike kurasa mbili za ulichosikia. Saa 10 ndani ya wiki tatu. Maswali yako atayajibu mwanzilishi mwenyewe, siku hiyo hiyo. Orodha ya wateja waliokubali kupigiwa iwe tayari kabla hujaanza.*

Angalia kilichomo: kitu kitakachobaki mkononi, idadi ya saa, siku ya mwisho, mtu wa kujibu maswali, na kinachotakiwa kuwa tayari. Kikikosekana kimoja, usimtafute mtu bado. Cha mwisho ndicho kinachosahaulika sana. Nimeona wataalamu wakingoja nywila wiki mbili nzima, na wakiipata hamu imeshakwisha.

Taproot Foundation, iliyoanza Marekani mwaka 2001 kuunganisha wataalamu na mashirika yasiyo ya faida, ilijijenga kwa njia hii hii ya kazi zenye mipaka iliyopangwa mapema. Baada ya muda nawe utaona maombi yanajirudia. Kila aina iwekee kiolezo chake.

Hatua ya 3: Safisha mambo ya sheria mapema

Kampuni changa si shirika la hisani, na kosa la kuzichanganya ni zito. Marekani, kwa mfano, Sheria ya Viwango vya Haki vya Kazi ya mwaka 1938 hairuhusu mtu kujitolea bure kwa kampuni binafsi inayotafuta faida. Kwa hiyo amua tangu mwanzo malipo yatatoka wapi: mwajiri anamlipa mtu wake mshahara kama kawaida na kuhesabu saa hizo kuwa mafunzo, au kampuni changa inamlipa kwa mkataba mfupi. Wengine huishia kwenye ushauri wa mazungumzo tu, bila kazi ya kukabidhi. Kila nchi ina sheria zake. Mlipe mwanasheria wa kazi akupitishe kabla hujampeleka mtu wa kwanza.

Jambo la pili ni umiliki wa kazi. Mikataba mingi ya ajira humpa mwajiri haki juu ya kile mfanyakazi anachobuni kinachohusiana na shughuli zake, na kompyuta ya ofisi ikitumika mambo yanazidi kuchanganyika. Andaa barua ya ukurasa mmoja, isainiwe na pande zote tatu: kazi ni ipi, itafanyika saa zipi, kwa kifaa cha nani, matokeo ni mali ya nani, na siri zipi hazivuki upande wowote. Kampuni changa inayoshindana na mwajiri iondoe kwenye orodha ya mfanyakazi huyo bila mjadala.

Hatua ya 4: Unganisha jozi kumi kwa mkono

Lahajedwali (kama Excel) na baruapepe vinatosha. Mpe kila mfanyakazi kazi tatu azipange kwa kuzipenda, na kila mwanzilishi watu watatu awapange vilevile. Mwaka 1962 wanahisabati David Gale na Lloyd Shapley walionyesha kihesabu kwamba pande mbili zikipanga chaguo zao, unaweza kupata mpangilio ambao hakuna wawili watakaotamani kuwaacha wenzao ili waungane. Kwa jozi kumi huhitaji hesabu hiyo. Unahitaji ile adabu iliyo ndani yake: pande zote mbili zichague.

Kisha wapigiane simu kwa dakika 30 kabla ya kukubaliana, na kila mmoja awe na ruhusa ya kusema hapana bila kujieleza. Hapana ya siku ya kwanza ina nafuu kubwa kuliko mtu kupotea katikati ya kazi.

Hatua ya 5: Chora safari nzima

Lynn Shostack aliandika mwaka 1984 katika jarida la biashara la Harvard Business Review juu ya kuichora huduma kwenye karatasi, ukitenganisha kwa mstari yale anayoyaona mteja na yale yanayofanyika nyuma yake. Fanya hivyo kwa jozi zako kumi. Tafuta pengo la ukimya, yaani siku ambazo hakuna upande uliosikia lolote. Kwangu mimi yalikuwa mawili: kati ya kukubali na simu ya kwanza, na katikati ya kazi. La kwanza liliisha nilipoanza kupanga siku ya simu ndani ya ujumbe uleule wa kukubali. La pili linahitaji mtu wa kuuliza, "Kuna lililokwama?" na akiambiwa lipo, alikwamue siku hiyo hiyo.

Hatua ya 6: Kukabidhi na kupima

Kazi ifungwe kwa kikao kifupi: mtaalamu anaonyesha alichofanya, na mtu wa kampuni changa anakirudia mwenyewe mbele yake. Asipoweza, bado haijakabidhiwa.

Mwezi mmoja baadaye uliza kama kilichoachwa kinatumika. Idadi ya kazi zinazotumika ndiyo namba ya kumpelekea mwajiri, na mara nyingi yeye ndiye atakayeilipia huduma, kwa kuwa kampuni changa fedha zake ni za kubana.

Hatua ya 7: Sasa jenga programu

Ifanye iendeshe tu yale uliyokwisha kuyafanya kwa mkono namna ileile mara nyingi: vikumbusho, kupanga vikao, kusaini barua. Saa ile moja ya kukaa na mwanzilishi na kukata kazi iache kwa mtu.