Ukisaini W-9, kodi yako hakuna anayekukatia: tahadhari kwa wakalimani na wengine waliojiajiri Marekani

Kazi ya ukalimani wa Kiswahili Marekani ipo, tena nyingi. Wakimbizi kutoka Kongo waliopokelewa Ohio, Kentucky, Texas na kwingineko wanahitaji mtu wa kuwasaidia hospitalini, mahakamani na kwenye vikao vya shule za watoto, na nyingi ya kazi hizo zinafanyika kwa simu, umekaa chumbani kwako na hedifoni masikioni. Kuingia ni rahisi. Unapimwa lugha, unatumiwa mkataba na fomu W-9, unajaza jina na namba ya Social Security (hifadhi ya jamii ya Marekani), unasaini, dakika zako zinaanza kuhesabiwa.

Hapo kwenye W-9 ndipo usimame kwanza. Ukipewa W-4, umeajiriwa, na mwajiri atakata kodi kila malipo kama PAYE ya nyumbani. Ukipewa W-9, wewe ni mkandarasi, na hawakukati hata senti. Mwanzoni mwa mwaka unaofuata unaletewa fomu 1099-NEC yenye jumla ya walichokulipa, bila kupunguza kitu, na nakala yake inakwenda IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Narudia kwa wale wanaosoma harakaharaka: nakala yake inakwenda IRS. Sisi tumezoea mteja akikulipa ada ya huduma anakata kodi ya zuio asilimia 5, kidogo umeshatangulia. Huku hujatangulia chochote. Ile pesa iliyoingia benki yote, sehemu yake si yako.

Sasa mtego wenyewe. Kilichonikamata mimi hakikuwa kodi ya mapato. Mwaka ule kazi zilikuwa za kusuasua, na kila niliyemuuliza, kanisani na kwenye vikao vya jumuiya, alinijibu kwamba mwenye kipato kidogo hadaiwi. Ni kweli nusu. Kuna punguzo la kawaida ambalo karibu kila mkazi anapewa. Kwa mwaka 2024 lilikuwa dola 14,600 kwa mtu asiye na mwenza. Chini ya hapo kodi ya mapato inatoka sifuri, na yangu ilitoka sifuri. Lakini fomu ya kodi ya mwaka haikuishia hapo. Chini yake kulikuwa na deni la karibu dola 2,000, linaloitwa kodi ya kujiajiri.

Hiyo ni asilimia 15.3: 12.4 ya Social Security na 2.9 ya Medicare, bima ya afya ya wazee. Ifikirie kama NSSF. Aliyeajiriwa, nusu anachangia yeye na nusu mwajiri. Wewe wa 1099 ndiye mfanyakazi na ndiye mwajiri, kwa hiyo nusu zote mbili zinatoka mfukoni mwako. Na haijali lile punguzo la kawaida. Inaanza pale tu faida yako ya mwaka inapofika dola 400. Chukua mtu aliyepata faida ya dola 14,000. Wanahesabu asilimia 92.35 ya hiyo, yaani 12,929, kisha wanatoza 15.3. Inakuja dola 1,978. Huyo ni mtu ambaye kodi ya mapato hadaiwi kabisa! Ukiambiwa “kipato kidogo hulipi”, muulize anayekuambia: hulipi kodi ipi?

Halafu kuna awamu. Mfanyabiashara wa Tanzania anaijua habari ya makadirio, kwamba kodi ya mwaka unailipa mara nne. Marekani ni vilevile, ila hakuna afisa wa kukukadiria; unajikadiria mwenyewe na hakuna atakayekukumbusha. Tarehe ni 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba na 15 Januari ya mwaka unaofuata. Angalia vizuri: kutoka Aprili hadi Juni ni miezi miwili, si mitatu, na watu wengi wanateleza hapo. Ukitarajia kudaiwa dola 1,000 au zaidi kwa mwaka, hizi awamu zinakuhusu, na usipozilipa kuna nyongeza juu ya deni hata kama mwezi Aprili utalipa lote. Njia ya kulala usingizi ni hii: chukua kodi yote ya mwaka uliopita, igawe kwa nne, lipa kwa tarehe hizo. Ukifanya hivyo nyongeza haikupati, hata kama mwaka huu umepata zaidi. Wenye kipato cha zaidi ya dola 150,000 wanatakiwa asilimia 110 ya kodi hiyo ya mwaka uliopita, lakini hao sidhani kama wananisoma mimi.

Kila malipo yakiingia, siku hiyohiyo hamisha robo au hata asilimia 30 kwenye akaunti nyingine. Siku hiyohiyo, kabla hujafungua WhatsApp ya ukoo.

Na hapo niwaambie wa nyumbani kwa heshima zote. Mama mdogo, mjomba, na nyie wadogo zangu: mtu akikwambia analipwa dola kadhaa kwa saa, usizizidishe kwa saa za mwezi kisha kwa shilingi ukapata nyumba. Hakuna anayelipwa dakika ambazo simu haikulia. Na ile asilimia 15.3 haijatoka, wala bima, wala kodi ya jimbo (Texas haina, Minnesota inayo). Mkituambia “si useme tu hukupata kitu”, hamjui kwamba kompyuta ya IRS inalinganisha 1099 na ulichojaza. Zisipolingana, barua inayoitwa CP2000 inakuja, pengine baada ya mwaka mzima, ikiwa na riba.

Pesa unazotuma nyumbani hazipunguzi kodi. Sadaka uliyotuma moja kwa moja kwenye kanisa la kijijini nayo haipunguzi. Wazazi walioko Mwanza au Kisumu ambao si raia wala wakazi wa Marekani huwezi kuwaandika kama wategemezi, hata kama ni wewe unayewalisha; sheria inawataka wawe raia au wakazi wa Marekani, au wakazi wa Kanada na Mexico. Nalisema hili kwa sababu katika kila jumuiya kuna bwana mmoja wa kujaza fomu anayeahidi marejesho manono. Anaongeza watoto wa dada yako, anabuni gharama, anachukua chake, na kwenye fomu hasaini. Anayelipwa kujaza lazima asaini na aweke namba yake ya PTIN, ambayo IRS huwapa wanaojaza fomu kwa malipo. Asiyesaini, mkimbie. Barua ikija inakuja kwa jina lako, na ukibainika umedai kwa ulaghai nafuu ya wafanyakazi wa kipato cha chini, unaweza kufungiwa kuidai kwa miaka 10. Huduma ya VITA inajaza bure kwa wenye kipato cha chini, ila uliza kwanza kama kituo kinapokea waliojiajiri.

Gharama halali dai: hedifoni, sehemu ya intaneti, safari za kwenda hospitali kukalimani (senti 67 kwa maili mwaka 2024, 70 mwaka 2025). Andika maili siku unayosafiri. Fomu ni Schedule C (mapato na gharama za kazi yako) na Schedule SE (kodi ya kujiajiri). Wa visa ya F-1, yaani ya wanafunzi, msiguse kazi hizi kabla ya kuuliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni.

Wamarekani wanaipenda sana habari ya kuwa bosi wa nafsi yako. Kampuni niliyofanyia ilinipangia saa, ilinipa maneno ya kusalimia mgonjwa, ilirekodi simu, nikichelewa kupokea nahojiwa. Bosi gani huyo? Kuna fomu SS-8 ya kuiomba IRS iamue kama wewe ni mwajiriwa au mkandarasi, na sheria haiangalii mkataba unakuitaje bali nani anaiamuru kazi. Wengi hawaijazi wakiogopa simu zitaacha kulia. Siwalaumu.

Kama deni limeshakukuta, peleka fomu ya kodi ya mwaka hata kama huna pesa. Kutopeleka kunatozwa asilimia 5 ya deni kwa mwezi, hadi 25. Kutolipa ni nusu asilimia kwa mwezi. Ukiomba muda hadi 15 Oktoba, muda huo ni wa kujaza, si wa kulipa. Anayekupigia simu kwa vitisho akitaka ulipe kwa kadi za zawadi za dukani ni tapeli. Omba mpango wa kulipa kidogokidogo mtandaoni. Wenye green card wanaosubiri uraia, fomu N-400 inauliza kama unadaiwa kodi iliyopita muda wake. Mwenye mpango anaoufuata ana cha kumwonyesha afisa, kwa hiyo chapisha barua ya makubaliano na risiti za malipo, uende nazo siku ya mahojiano.