Boya bila bendera ni dema la mtu: vile unavyojikinga na maboti ukizamia au kusnokeli Nyali na Bamburi

Desemba moja nilikuwa na wageni wanne tunasnokeli, yaani kuelea kifudifudi na mrija wa kupumulia, upande wa Bamburi hapa Mombasa, ndani ya mwamba, maji yamelala kama ya kwenye sufuria, mara jetski ikapita kati yangu na mgeni wa mwisho, yaani katikati kabisa, mawimbi yake yakanijaza maji kwenye mrija. Baadaye nikamfuata yule kijana ufuoni nimechemka, akanijibu taratibu tu, "Mzee, boya nililiona, nikajua ni dema la mvuvi." Dema ni mtego wa samaki, unaachwa chini na boya juu. Nikakosa la kusema, mana kijana alikuwa na haki. Boya langu lilikuwa dogo, rangi ya chungwa, halina bendera, na pale kila mvuvi ana alama yake, huyu jerikeni la lita 5, yule ndala tatu zimefungwa kamba. Tangu siku hiyo nafanya hivi.

Hatua ya 1: Anzia mchangani

Hii wengi wanairuka na mimi naona ndio kubwa kuliko zote. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, bahari imetulia na ndani ya maji unaona mbali, lakini ndio wakati huohuo wageni wamejaa na kila mwenye jetski, mwenye boti ya kioo chini ya kutazamia samaki, mwenye boya la ndizi la kuvuta watoto, wote wako majini. Huwezi kupambana nao ukiwa umelala kifudifudi. Kwa hiyo kabla sijavaa mapezi napita kwanza pale wanapokaa.

"Vijana, hamjambo."
"Hatujambo mzee, leo wapi?"
"Nasimama sawa na ile mivinje mitatu, mpaka saa tano. Bendera nyekundu ina mstari mweupe. Msinikatie ndani, piteni nje."
"Sawa, lakini saa tano kweli utatoka?"

Hilo swali la mwisho usilichukulie utani. Ukisema saa tano ukatoka saa saba, kesho hakuna atakayekusikiliza, na wao nao wana riziki yao pale. Mwambie na nahodha wa boti ya kioo pia, yeye anapita njia ileile kila siku, ukishamjua ratiba yake nusu ya kazi imeisha.

Hatua ya 2: Chagua mahali kwa maji, siyo kwa uzuri

Hapa kwetu siku za bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Yakipwa, mwamba unatoka nje na boti zote zinabaki na njia moja, mlango, yaani pengo kwenye mwamba. Sasa kuna watu wanapeleka wageni kusnokeli karibu na mlango ati kuna samaki wengi, ni kweli wako wengi, ila umewaweka watu katikati ya barabara. Kaa juu ya matumbawe ambapo boti ikipita itaguza chini, nahodha mwenye akili hapiti hapo, faiba yake anaipenda. Maji yakijaa hiyo kinga imeondoka, boti inapita popote, basi sogea karibu na ufuo.

Na usijidanganye kwamba uko ndani ya hifadhi. Hifadhi ya bahari ya Mombasa ipo tangu 1986, inasaidia samaki, lakini boti zinapita humo kila siku. Kirsty MacColl, mwimbaji wa Uingereza, aligongwa na boti ya kasi mwaka 2000 huko Cozumel, Meksiko, anaibuka kutoka kuzamia na watoto wake, na sehemu ile boti za kasi zilikuwa haziruhusiwi kabisa. Katazo halina mikono ya kusimamisha injini.

Hatua ya 3: Bendera

Ziko mbili. Nyekundu yenye mstari mweupe wa kukata kona, hiyo ndio watu wengi wanaijua, weka kwenye boya lako. Ya pili ni bendera A ya kimataifa, nyeupe upande wa mlingoti, bluu upande wa nje na imekatwa pembe, hiyo inapandishwa kwenye boti na maana yake nina mzamiaji chini, kaa mbali upite polepole. Kanuni za bahari zinataka iwe ngumu isiyojikunja, kimo isipungue mita 1, na ionekane pande zote. Kile kitambaa cha kiasi cha leso kimejifunga kwenye mlingoti hakuna anayekiona.

Ukimaliza kuzamia, ishushe. Boti inayozunguka na bendera A kutwa nzima imewafundisha wenzake kutoijali. Umbali? Florida sheria yao ni boti ijitahidi kukaa futi 300 mbali kwenye maji wazi na futi 100 kwenye njia za boti, yaani kama mita 90 na mita 30, na ikilazimika kusogea zaidi iende mwendo wa kutambaa. Mimi nawaambia watu wangu mita 100, nambari nzuri kukumbuka.

Hatua ya 4: Mtu wa juu

Awe mmoja ambaye kazi yake ni kutazama tu. Siyo kupiga picha, siyo kukata maembe ya wageni. Jetski ikienda kilomita 36 kwa saa, ambayo kwao ni mwendo wa kawaida tu, inamaliza mita 100 kwa sekunde 10, sasa wewe hesabu umeinama kutafuta kisu kwa muda gani. Awe na filimbi, na awahesabu watu kila mara. Wanaosnokeli wakae kwenye kundi moja, boya katikati, fulana za rangi kali, mana kichwa chenye nywele nyeusi ndani ya maji hata mimi nikijua kipo nakitafuta.

Hatua ya 5: Kupanda juu

Hapa ni kwa wazamiaji wa mtungi, hasa nje ya mwamba kama pale kwenye meli ya MV Dania, ilizamishwa 2002 makusudi na chini ni kama mita 30. Kama kuna kamba ya boya la kufungia boti, panda nayo. Kama mkondo umekuchukua, ukifika mita 10 toa boya lako refu la kupuliza. Tazama juu kwanza. Rili, kile kigurudumu cha uzi wa boya, ishike mkononi, usiifunge kwenye jaketi lako la hewa hata siku moja, ikikwama utapanda nayo kama puto na mapafu yako hayatakusamehe. Angalia uzi haujazunguka mtungi wala mwenzako. Pulizia hewa nusu tu, pale mita 10 presha ni mara mbili ya huku juu kwa hiyo nusu itafika imejaa, kisha achia, uzi utakimbia unakwaruza kidole halafu utasimama ghafla, ndio limefika. Sasa vuta uzi ukaze. Uzi ukilegea boya linalala, na boya lililolala ni dema tena.

Kaa mita 5 dakika 3, na utege sikio. Sauti ya injini utaisikia lakini hutajua iko wapi, ndani ya maji sauti inaenda kama mita 1500 kwa sekunde na hewani ni kama 340, masikio yetu hayakuumbwa kwa hiyo kasi, kila boti inasikika kama iko kichwani. Ikizidi, baki hapohapo mpaka ipungue, kama hewa unayo. Halafu panda polepole, isizidi mita 9 kwa dakika, mkono juu, unajizungusha duara zima.

Hatua ya 6: Nahodha

Kuchukua watu, njoo ukiuelekea upepo, ukitoa gia upepo ukusukume mbali nao na siyo juu yao. Weka nyutro, mtu akishika ngazi zima kabisa, hizi injini zetu kuukuu ukiziweka nyutro propela bado inazunguka kidogo. Ile kamba nyekundu ya kuzimia injini ifunge mkononi, siyo kwenye usukani kama pambo.

Na ikija boti licha ya yote? Wanaosnokeli wakusanyane, inueni boya na mapezi juu, filimbi ilie. Mzamiaji toa hewa kwenye jaketi ushuke chini, na hilo litawezekana tu kama regyuleta, kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi, iko mdomoni, kwa hiyo yakhe, usiitoe kupiga stori na wenzako pale juu, itoe ukishashika ngazi.