Kumuuguza Mgonjwa Aliyefunguliwa Fuvu kwa Dharura

Mgonjwa wa ajali anapotolewa chumba cha upasuaji baada ya kufunguliwa fuvu, ndugu waliokesha nje huwa na swali moja tu: atapona? Daktari mkweli hataweza kulijibu siku hiyo. Upasuaji umeondoa damu iliyovilia na kuupunguzia ubongo mgandamizo, lakini ubongo wenyewe huendelea kuvimba kwa siku kadhaa, na katika siku hizo uhai wake hushikiliwa na mambo madogo yanayofanywa kitandani, mengine yakiwa mikononi mwenu ndugu.

Waulize wauguzi alama za fahamu alizokuwa nazo alipofikishwa hospitalini na alizonazo leo. Kipimo hicho, kilichobuniwa Glasgow mwaka 1974, hutazama namna anavyofumbua macho, anavyosema na anavyosogeza viungo. Huanzia 3 hadi 15, na jeraha huitwa kali anapokuwa na 8 au pungufu. Msiing'ang'anie namba ya siku moja, fuateni mwelekeo wake. Aliyekuwa na 6 juzi na leo ana 8 anapanda. Aliyeshuka alama 2 ndani ya saa chache, au ambaye mboni ya jicho moja imepanuka kuliko ya pili, anahitaji daktari papo hapo, hata kama ni usiku wa manane.

Ubongo uliojeruhiwa hauvumilii kukosa oksijeni wala presha kushuka. Tena, ili kupunguza mgandamizo ndani ya fuvu, kichwa cha kitanda huinuliwa kiasi cha nyuzi 30 na shingo hunyooshwa, kwa kuwa shingo iliyopinda huzuia damu kurudi kutoka kichwani. Ikiwa kipande cha fuvu kimeondolewa ili kuupa ubongo nafasi ya kuvimba, mtaona ngozi ya upande huo ikipwita taratibu kama utosi wa mtoto mchanga. Msiishtukie hali hiyo, ila msimlaze kwa upande huo.

Hatari ninayoisisitiza kuliko zote ni chakula. Nimewaona akina mama wakimdondoshea mgonjwa maji mdomoni kwa kijiko kwa sababu midomo yake imekauka. Ni huruma, lakini inaweza kumuua, maana asiye na fahamu hamezi sawasawa na maji huishia mapafuni. Midomo ilowesheni kwa kitambaa safi. Muuguzi akikuruhusu kumlisha kwa mpira wa puani, mwinue akae nusu, hakikisha alama iliyowekwa kwenye mpira haijasogea, kisha uache uji mwepesi uliochujwa ushuke wenyewe kupitia bomba la sindano lililotolewa kisukumio. Ukiusukuma kwa nguvu, tumbo hujaa na uji hurudi kooni. Akianza kukohoa au kubadilika rangi, acha na umwite muuguzi. Ukimaliza, pitisha maji kidogo kusafisha mpira, na usimlaze chali kabla ya angalau nusu saa.

Ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku pia, na visigino, nyonga na mgongo wa chini vikaguliwe. Kidonda cha kulalia huanza kama wekundu au weusi usiofifia na kinaweza kuishia kwenye sumu ya damu.

Fahamu zinaporejea, wengi hupitia kipindi cha fujo: mtu mpole hutukana, hung'oa mipira, hamtambui mkewe. Si tabia yake wala si jini. Ni ubongo unaozinduka. Mtajieni jina lake, siku na mahali alipo kwa sauti ya chini, na wageni wasizidi wawili kwa wakati mmoja.

Siku ya kuruhusiwa, msiondoke bila kujua dawa za kuzuia kifafa zitatumika hadi lini, na kama fuvu liliondolewa, litarudishwa lini. Nyumbani asiachwe peke yake karibu na jiko au kisima, wala asipande bodaboda. Mrudisheni hospitali bila kusubiri tarehe ya kliniki akipata homa, degedege, kutapika pamoja na kichwa kuuma, usingizi usio wa kawaida, au maji maangavu yakimtoka puani, sikioni au kwenye mshono.