Malisho Yenye Chumvichumvi: Soma Nyasi Kabla ya Kununua Mbegu

Weupe ukitanda juu ya malisho wakati wa kiangazi na nyasi zikipungua, lawama ya kwanza huwaangukia ng'ombe. Pengine ni haki. Lakini kwenye mabonde ambayo maji huingia na hayana pa kutokea, kama Amboseli au kandokando ya Ziwa Natron, chanzo kinaweza kuwa chini ya ardhi.

Huko Amboseli, migunga ya gome la njano ilianza kufa kwa wingi miaka ya 1950. Tembo na mifugo ya Wamaasai ndio walioshukiwa. Mwaka 1973, watafiti Western na van Praet walionyesha kwamba maji ya chini ya ardhi yalikuwa yamepanda na kuifikisha chumvi kwenye mizizi. Penye migunga pakaota miti ya mswaki, vichaka vya chumvi aina ya Suaeda na nyasi zinazostahimili magadi. Miaka mingi baadaye, sehemu zilizozungushiwa uzio zilithibitisha kuwa tembo nao walikuwa wakizuia miti michanga isikue. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, ndiyo maana namsihi mfugaji achimbe na kupima kabla ya kuhukumu.

Maji yakiwa karibu na uso, udongo huyavuta juu kama utambi wa taa. Jua linayakausha, chumvi inabaki. Ardhi iliyo tupu ndiyo inayoumia zaidi, maana hakuna kivuli wala majani makavu ya kupunguza joto. Mvua nzuri ya msimu mmoja huiosha chumvi ikashuka. Miaka ya mvua kubwa mfululizo katika bonde lililoziba huinua maji ya chini, na chumvi hurudi nayo. Kwa hiyo mimea ya mahali pamoja hubadilika bila mtu kupanda wala kung'oa kitu.

Nyasi zenyewe zitakuonyesha hali ilivyo. Ukitoka ardhi ya juu kuelekea katikati ya bonde, kwanza utakutana na Cenchrus ciliaris, kisha ukoka, halafu Sporobolus spicatus, ile inayotambaa na kuchoma mguu kwa ncha za majani yake. Penye chemchemi za magadi huota ndago aina ya Cyperus laevigatus. Sporobolus hiyo ikianza kuingia kwenye ukoka wako, chukua hatua mwaka huohuo.

Chimba shimo la mita moja hivi uone unyevu unaanzia wapi. Peleka sampuli maabara wapime uchachu (pH) na chumvi: kipimo cha chumvi cha dS/m 4 au zaidi huhesabiwa kuwa udongo wa chumvi, na pH ikizidi 8.5 shuku magadi. Nyumbani, tumbukiza kidonge cha udongo mkavu kwenye glasi ya maji ya mvua, usiitikise. Maji yakichafuka kama tope na kubaki hivyo hadi kesho yake, udongo una sodiamu nyingi. Hapo jasi husaidia, ila pawe na njia ya maji kuondoka. Pasipo hiyo utapoteza fedha.

Kosa ninaloliona likigharimu wengi ni kumwaga mbegu mvua za kwanza zinapogusa ardhi. Nyasi ikishakomaa huvumilia chumvi ambayo ingeua mche wake. Subiri masika yaoshe udongo wa juu vya kutosha, au panda vipandikizi vya ukoka vyenye mizizi. Nyasi ya kupanda ya Boma Rhodes hustahimili chumvi ya wastani. Usiipeleke penye ganda jeupe.

Usimwagilie kwa maji ya kisima chenye chumvi, na usilime uwanda huo. Lifunge eneo dhaifu wakati wa mvua, kama Wamaasai wanavyotenga alalili, yaani malisho ya akiba ya ndama, ili nyasi zifunike ardhi kabla kiangazi hakijaanza. Mifugo inayokula vichaka vya chumvi ipewe maji mengi zaidi ya kawaida. Kisha pigilia vigingi kwenye mpaka wa kila aina ya nyasi, na kila mwisho wa masika upige picha ukiwa umesimama palepale.