Kabla hujauliza bei ya bima ya mzigo wa lori

Mie ni wakala wa bima hapa Chake Chake, Pemba, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Bi mdogo, bima ya mzigo bei gani?" Namjibu kwa maswali: mzigo wa nini, Ami, wa nani, unapakiwa wapi, unashushwa wapi? Wengine hununa, wakadhani nawazungusha. Lakini bila majibu hayo kampuni haina cha kupigia hesabu, na ikikupa bei hivyo hivyo, usiiamini.

Kwanza ujue bima ya gari haibebi mzigo. Bima ndogo inamlipa mtu wa nje uliyemuumiza au uliyemharibia mali yake. Bima kubwa inaongeza gari yako mwenyewe. Mapolo ya mchele yaliyopangwa nyuma hayamo katika hizo mbili.

Halafu amua unakatia nini. Mwenye duka Wete anaweza kukatia bima mali yake. Mwenye Fuso anayebeba mali za watu kwa nauli anakata bima ya dhamana: mzigo ukiharibika mikononi mwake na akadaiwa, bima ndiyo inayosimama. Ni bima mbili tofauti na bei zake mbalimbali. Usipotaja unayoitaka, utapewa iliyo karibu na mkono.

Sasa kaa na karatasi uandike safari ya mzigo, mkono kwa mkono. Hapa ndipo wateja wangu wengi wanapokwama, maana sisi huku hatuna mzigo wa kwenda barabara moja kwa moja. Mchele unatoka ghala la Dar es Salaam, unaingia chomboni, unashuka Mkoani, wachukuzi wanaupandisha lori, dereva anapita Chake, anaumwaga Wete au Konde. Kila kituo andika nani anaushika, nani anaupakia, unalala wapi. Bima nyingi za nchi kavu huanza mzigo ukishapakiwa garini na kukoma kabla ya bahari. Kama lori lako huingia melini na mzigo wake, sema waziwazi, upate bei ya bahari pia. Baharini kuna kanuni ya zamani: nahodha akilazimika kutupa sehemu ya shehena ili chombo kiokoke, hasara inagawanywa kwa wenye mali wote na mwenye chombo, hata kwa yule ambaye polo lake halikuguswa. Mwenye bima ya barabara tu atalitoa fungu hilo mfukoni.

Andika na usiku. Meli ikichelewa na mwenye ghala Wete keshafunga, lori linalala wapi? Nje ya nyumba ya dereva, pembeni ya barabara, au ndani ya uzio wenye mlinzi? Swali hili utaulizwa, na jibu lake linashusha au kupandisha bei.

Kwa bidhaa, "mchanganyiko" si jibu. Saruji inaogopa maji, vioo vinaogopa mtikisiko, samaki wa barafu wanaogopa kuchelewa. Karafuu ina mambo yake. Ikinyeshewa huota ukungu na kushuka daraja, na ikiwa haikukauka vizuri hupungua uzito guniani. Upungufu wa asili kama huo bima hailipi. Kwa hiyo ukipeleka karafuu za watu kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, pima wakati wa kupakia na uandike. Namjua mkaguzi ambaye haangalii injini kwanza. Anamwambia utingo alifunue turubai, analiinua kuelekea jua, anahesabu vitobo. Basi liweke viraka kabla hujamwita, na upige picha ya mzigo na namba ya gari ikionekana.

Thamani iwe ya kweli. Najua watu huipunguza ili ada iwe ndogo. Chukua mzigo wa shilingi milioni 40, wewe ukasema 20. Zikiharibika mali za milioni 10, mikataba mingi itakulipa nusu, milioni 5, kwa sababu ulikata bima ya nusu. Na katika hizo 5 bado litatolewa lile fungu la kwanza la hasara unalolibeba mwenyewe. Toa namba mbili: mzigo mkubwa kabisa unaopanda gari moja kwa safari moja, na jumla ya thamani unayosafirisha kwa mwaka. Mwenye kazi ya msimu wa karafuu tu aulize pia bei ya safari moja moja.

Karatasi ni chache: kadi za gari, leseni za madereva, cheti cha bima ya gari, leseni ya biashara, kitambulisho, na mfano wa ankara na hati ya mzigo. Ongeza ajali na hasara za miaka mitatu hadi mitano, hata zile ulizozimaliza kienyeji. Ukificha, siku ya madai ndiyo kisingizio cha kukunyima.

Ile karatasi uliyoandika safari ya mzigo, hiyo hiyo moja peleka kwa kampuni tatu, zote ziwe na leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Shirika la Bima la Zanzibar lipo tangu 1969, na zipo nyingine. Anayekwepa bima ya kawaida kwa ajili ya dini aulize takaful, ambako washiriki huchangia mfuko wa kusaidiana. Aulize vilevile ziada ya mfuko inagawiwa vipi, asiridhike na jina.

Bei zikija, usitazame ya chini tu. Uliza: kupakia na kushusha kumo? Wizi usio na alama ya kuvunja je? Wizi wa utingo wangu mwenyewe? Hasara niripoti ndani ya muda gani? Majibu yaje kwa maandishi. Mwisho, bila kulipa ada huna bima, hata kama fomu umeshatia saini. Lori lisitoke mpaka uwe na risiti na hati mkononi, na nakala moja dereva aiweke ndani ya gari pamoja na namba ya simu ya kuripotia hasara.