Home au Pro? Kuchagua Windows kwa Laptopu ya Mtumba

Mteja akiniletea laptopu ya "ex-UK", yaani ya mtumba kutoka Uingereza, hapa Luthuli Avenue, Nairobi, huanza hivi: "Fundi, niwekee Pro, si ndiyo iko na kasi?" Kasi ni ileile. Home na Pro ni matoleo mawili ya Windows: Pro ni Home iliyofunguliwa milango michache zaidi, na huenda unayo tayari.

1. Angalia ulicho nacho. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, kisha Enter. Nyingi za mtumba zilitoka maofisini ng'ambo, kwa hiyo huja na Pro. Ukiona herufi N baada ya jina, hilo ni toleo la Ulaya lisilo na programu za video na muziki. Usiifute, weka Media Feature Pack, ni bure.

2. Kagua leseni. Hapa ndipo watu huliwa. Bonyeza tena Windows na R, uandike slmgr /xpr. Likija neno "permanently" (ya kudumu), sawa. Ikija tarehe ya kuisha, umewekewa leseni ya kampuni, ile inayodumu siku 180 isipohuishwa. Mimi mwenyewe niliwahi kununua ya hivyo: miezi sita ikapita, maandishi ya "Activate Windows" yakaja kukaa kwenye pembe ya skrini, na muuzaji hashiki simu. Siku hizi nakagua nikiwa kwenye kaunta, M-Pesa bado haijatoka.

3. Pima kazi yako. Kwa Remote Desktop, yaani kutumia kompyuta ukiwa mbali nayo, Home huingia kwenye kompyuta nyingine, lakini yenyewe haiingiliki. Haiungi domeni ya ofisi pia, yaani mtandao ambao ofisi husimamia kompyuta zake zote kwa pamoja. Kwa BitLocker, kifaa cha kusimba data, Pro hufunga diski na hata flashi ili mwizi asisome kilichomo; mhasibu anayepanda matatu na hesabu za wateja begani namwambia achukue Pro. Mwanafunzi wa kuandika insha na kutazama video, Home yamtosha kabisa.

4. Ukisita, baki na Home. Kupanda hadi Pro hufanyika ndani ya Settings, System, Activation, na faili zako hazipotei. Kushuka ndiko kazi, maana ni kuweka Windows upya.

5. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, nayo Windows 11 inadai TPM 2.0, chipu ya usalama ndani ya kompyuta (bonyeza Windows na R, andika tpm.msc uione). Prosesa za Intel za kizazi cha 7 kushuka chini karibu zote hukataliwa. Laptopu hizo mimi huziwekea Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, na RAM ikiwa GB 4, toleo lake jepesi la Xfce.