Kabla ya Kuingia Shambani: Kuisoma Geji ya Oili kwenye Trekta la Zamani

Kabla msimu wa kulima haujaanza, jua mshale wa geji ya oili unakaa wapi trekta lako likiwa limezimwa, likiwa baridi, na likiwa limeshapata moto kwa kazi. Namba za trekta la jirani hazitakusaidia, hata kama yote mawili ni ya muundo mmoja, kwa sababu injini iliyolima miaka arobaini ina uchakavu wake yenyewe.

Wengi huidhani geji hii inapima wingi wa oili. Sivyo. Inapima presha, na pampu husukuma oili tu. Presha huzaliwa pale oili inapobanwa ikipita katika nafasi finyu kati ya beringi na kreki, yaani mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini. Beringi zikilika, nafasi hupanuka, oili hupita bila kubanwa na mshale hushuka. Oili ikiwa nyepesi kupita kiasi, matokeo ni yale yale.

Kwa hiyo anza na kijiti cha kupimia, trekta likiwa tambarare na limelala usiku kucha bila kuwashwa. Usitazame kimo peke yake. Chukua tone, lisugue kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha linuse. Likiteleza kama maji na kunuka dizeli, na kimo kimepanda tangu ulipopima mara ya mwisho, usiwashe. Oili haiongezeki yenyewe. Mara nyingi kiwambo cha pampu ndogo ya kuvutia dizeli kimepasuka, au sili ya pampu ya nozeli imechoka. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na hilo ni jambo la fundi.

Geji yenyewe nayo ikaguliwe. Injini ikiwa imezimwa, mshale ulale kwenye sifuri. Ukisimama juu yake, geji inakudanganya. Matrekta mengi ya zamani yana geji yenye kibomba chembamba kinacholeta oili hadi kwenye dashibodi. Ndani yake mna mrija uliopinda ambao hujinyoosha kidogo presha ikipanda na kuuvuta mshale, muundo uliobuniwa na Mfaransa Eugène Bourdon mwaka 1849. Pitisha kitambaa kikavu kando ya kibomba hicho, hasa kwenye nati za ncha zake, maana mtikisiko hukipasua hapo na oili ya moto huweza kukurukia mguuni. Geji ya umeme huharibiwa na sensa mbovu au waya wenye kutu. Ukiwa na shaka, fundi afungue sensa na kufunga geji yake mahali pale. Ni kazi ndogo ukilinganisha na kushusha injini.

Ukiwasha asubuhi, mshale uamke ndani ya sekunde chache. Sekunde kumi zikipita ungali chini, zima. Kama umetoka kubadilisha oili na filta, vuta kwanza kifundo cha kuzimia injini, kisha zungusha stata kidogo kidogo mpaka mshale unyanyuke, ndipo uwashe. Usifurahie sana presha kubwa ya asubuhi: oili baridi ni nzito, na hata injini iliyochoka huonekana nzima saa hiyo.

Kipimo cha kweli ni cha injini iliyofanya kazi nusu saa. Soma mara mbili: ikiwa silensa, yaani inanguruma polepole bila kukanyagwa, na ikiwa kwenye mwendo wa kulimia. Mafundi hutumia kadirio la psi 10 (psi ni kipimo cha presha) kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, lakini zipo injini za zamani zilizoundwa kufanya kazi kwa presha ndogo zaidi, hivyo kitabu cha trekta lako ndicho chenye neno la mwisho. Kama geji ni ya bar, bar 1 ni psi 14.5. Andika namba hizo mbili kwa rangi ndani ya boneti. Msimu ujao utalinganisha.

Mimi niliwahi kulima mtelemko, na kila nilipogeukia upande wa bondeni mshale ulianguka, nikirudi tambarare unapanda. Oili ilikuwa imefika alama ya chini na pampu ilikuwa inavuta hewa. Tangu hapo sipandi mtelemko kabla ya kuchomoa kijiti.

Presha ikiwa inashuka taratibu mwaka hadi mwaka, usikimbilie oili nzito kuliko iliyoelekezwa. Mshale utapanda, lakini beringi zitabaki zilivyo, na asubuhi oili itachelewa kufika juu ya injini. Ikishuka ghafla ukiwa kazini, zima palepale, hata kama mstari umebaki hatua tano. Ndiyo maana kwenye sanduku la vifaa siachi kuweka galoni ya oili ya aina ile ile, kitambaa kisicho na mchanga, tochi, na nati ya akiba ya kile kibomba cha geji.